Mama Yangu Nyuma ya Gunia

Kila pakiwa na msiba katika ukoo wetu, wazee wakishashiba huanza kuililia hoteli ya Maganzo. Marehemu bado hajazikwa, wao wanalilia supu. Mmoja atasema, "Mnaikumbuka ile supu?" na wa pili atafumba macho utadhani anasali, na wa tatu, ambaye kinywani hana jino hata la dawa, ataapa kwamba tangu hoteli ile ife hajaonja tena nyama iliyoiva. Vijana wanasikiliza midomo wazi. Mimi hukaa upande wa wanawake nikichambua mchele, na ninawadharau wazee wale kwa moyo wangu wote.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wahenga walikwisha kusema, lakini hawa hawasikii. Wanataka mjukuu aamini kwamba miaka ya arobaini na hamsini watu walikuwa wanaishi peponi, na pepo yenyewe ilikuwa na mabenchi manne. Na ile ladha wanayoililia mimi naijua kuliko wao, kwa sababu aliyekuwa anapika ni mama yangu.

Basi niwaeleze hoteli yenyewe. Ilikuwa nyumba ya udongo kando ya barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, mwendo mfupi kutoka mgodi wa almasi. Paa lake lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, na masika lilivuja hadi watu wakala wamefunika bakuli kwa kiganja. Ndani kulikuwa na meza mbili ndefu zisizojua kitambaa, na huko nyuma, pasipo ukuta wala pazia kati yake na meza, mafiga ya mama. Vyombo vilioshwa kwenye ndoo moja tangu alfajiri, na kufika mchana maji yale yalikuwa yameshakuwa supu ya pili. Nzi sitawataja; wao walikuwa wateja wa kudumu kuliko wote.

Wateja wengine walikuwa wafanyakazi wa mgodini, makuli wa pamba, madereva wa malori, wachuuzi wa ng'ombe wanaotoka mnadani. Waislamu wa Tabora walikaa na Wakristo wa misheni na Wasukuma wasiotaka dini ya mtu, wakala pamoja, na hilo wazee hulisifu sana siku hizi. Ni kweli walikaa pamoja. Walidanganyana pamoja pia. Hapakuwa na mtu katika mabenchi yale ambaye hakuwahi kuokota almasi kubwa kama yai la kanga, akaipoteza njiani kwa bahati mbaya. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba vichaka vya Maganzo vimejaa almasi zilizodondoshwa na wajinga. Kuhusu wajinga sikukosea.

Mwenye hoteli alikuwa mtu wa Tabora, amevaa kanzu safi, amekaa mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuitikia salamu. Kazi nyingine zote alizifanya mama. Baba yangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu mimi nikiwa bado mgongoni. Alituma salamu mara mbili, halafu tukasikia ana mji mwingine huko. Mama alingoja kwa wakwe zake hadi akachoka kungoja, akanibeba, akaja Maganzo na sufuria zake tatu kubwa. Zile sufuria zilikuwa mali yake mwenyewe. Huko kijijini walimwita mwanamke wa hoteli, kwa maana ya matusi, na kila walipopita barabarani waliingia kula.

Sitaki kudanganya kama wale wazee: nilipapenda. Nilidhani dunia yote inapita pale kunywa chai. Mama alikuwa anaweza kupika ugali wa mtama wa watu arobaini bila hata buje moja, na mchuzi wake ulinukia hadi kwenye mashamba ya pamba. Alikuwa anaimba akipika. Nilikuwa najivuna kuwa mtoto wake mpaka nilipofika umri wa kuona haya.

Umri huo ulikuwa kama miaka kumi na sita, na ulikuja na mwanamume. Alikuwa msaidizi wa fundi mitambo mgodini. Alivaa shati la drili lililonyooshwa na kofia ya pama, na viatu vyake viling'aa hadi vumbi la Maganzo likaviogopa. Aliongea Kiswahili cha mjini, polepole, akijisikiliza. Alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Leo nikimfikiria nashangaa nilichokiona, lakini wakati ule nilikuwa naona kila kitu. Nilimpenda mpaka nikawa nakosea kuhesabu siku za wiki.

Alifuata njia za heshima, hilo nakiri. Alikwenda kijijini kwa baba mdogo, mdogo wake baba, wakaafikiana, na ng'ombe wakaingia kwenye zizi la baba mdogo. Tangu siku hiyo akawa mkwe wa mama yangu. Kwetu sisi Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia porini hadi mama apite. Hawakai nyumba moja, na kubwa kuliko yote, mmoja hali mbele ya macho ya mwenzake. Hiyo ni heshima kubwa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu walioitumia heshima ile kama ngao ya matumbo yao.

Siku ya kwanza baada ya ng'ombe kupokelewa, mchumba wangu alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye jua, akinusa. Mwanamume mwenye akili angekwenda kula kwingine. Palikuwa na mama mmoja anauza maandazi hatua mia tu kutoka pale. Lakini yeye alisimama akiutazama mlango wa hoteli, na wateja wakamwonea huruma hadi wakaacha vijiko. Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa hoteli na ambaye alikuwa hakimu wa mambo yote yasiyomhusu, akasimama akatoa hukumu.

"Mkwe hawezi kufa na njaa," alisema, "na mama hawezi kumtazama mkwe akitafuna. Basi mama apumzike kwanza, mpaka harusi ipite na kijana apikiwe kwake."

Wote wakasema ndivyo. Wanaume ishirini waliokuwa wamelishwa na mkono ule tangu wengine hawajaota ndevu, hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo anayepumzika atakula nini. Na mimi nisijitoe. Alasiri ile nilimfuata mama alipokuwa anasugua sufuria, nikamwambia, "Mayu, pumzika kidogo tu."

Alinitazama. "Ng'wana wane, mwanangu," alisema, "sufuria zikipumzika, sisi tutatafuna nini?"

Nikamjibu kwamba mume wangu atatutunza. Nilikuwa nimeshaanza kumwita mume. Mama akafunika sufuria zake, akakaa nyumbani.

Mwenye hoteli akamleta nduguye apike. Sina la kusema juu ya upishi wa yule bwana, isipokuwa kwamba maharage yake yalikuwa yameungua na mabichi kwa wakati mmoja. Siku ya nane fundi cherehani alikuja mwenyewe mpaka mlangoni petu, akabisha hodi kwa unyenyekevu ambao sijauona kwake kabla wala baada.

"Mama, rudi," alisema. "Watu wanateseka."

Walikuwa wametafuta dawa, na dawa yenyewe ilikuwa gunia. Fundi alikuwa ameunga magunia ya pamba, akayashona kwa mkono wake, wakayatundika kutoka ukuta huu hadi ule, kati ya mafiga na meza. Mama atapika nyuma, mkwe atakula mbele, mwenye hoteli atapokea bakuli kwenye upenyo wa pembeni. Jicho halioni, kwa hiyo mila haijavunjwa. Waliupenda sana uvumbuzi wao. Watu walitoka Shinyanga mjini kuja kuliona gunia la heshima, na fundi alisimama kando yake akieleza alivyolipima.

Jambo moja hawakulipima. Moshi wa mafiga yale siku zote ulikuwa unatokea mlango wa mbele, ukipita juu ya vichwa vya wateja. Sasa ulikuwa unagonga gunia na kurudi. Mama alipika katika moshi ule wiki tano. Macho yake yakawa mekundu, akawa anakohoa, akaacha kuimba. Mimi nilikaa naye huko nyuma siku nyingi, nikidarizi vitambaa vya nyumba yangu mpya, na nilipoona moshi umezidi nilitoka nje kupunga hewa. Yeye hakutoka.

Upande wa pili mchumba wangu alikula kimya. Wiki zile zote alikula kwa adabu, bila neno, bila hata kucheua, na wateja wakamsifu kwamba kijana amelelewa. Nilimsikia akitafuna. Utacheka, lakini nilikuwa naitambua sauti ya kutafuna kwake kati ya watu thelathini, na moyo ulinidunda.

Halafu ikaja siku ya mnada. Ilikuwa mchana, hoteli imejaa hadi watu wamekula wamesimama. Mchumba wangu alikuja na wenzake wawili wa mgodini ambao hawajafika pale kabla, na kwa hiyo ilibidi wajue kwamba yeye ndiye mwenye mji. Alikaa, akaweka kofia mezani, akapokea supu. Nilimsikia anaonja.

"Supu gani hii, imepooza?" alisema, na wenzake wakacheka. Kicheko kile kikampandisha. "Chumvi imekwenda mnadani? We mpishi! Wewe mwanamke huko nyuma! Lete chumvi upesi, au umelala?"

Hoteli nzima ikageukia gunia. Walikuwa wameziba macho na hakuna aliyefikiria mdomo. Wanaume wote wale wajuzi wa mila, waliopima gunia kwa futi na kuliunga kwa sindano kubwa, walisahau kwamba mkwe ana ulimi, na mkwe mwenyewe, kwa kushiba wiki tano, alikuwa amesahau nyuma ya gunia kuna nani.

Sindano ilinichoma kidole. Mama aliweka mwiko chini. Nikamshika khanga yake, nikamnong'oneza, "Mayu, hakukusudia." Alivibandua vidole vyangu kimoja kimoja, bila hasira, kama unavyobandua kupe kwa ndama. Akachukua kopo la chumvi, akalinyanyua gunia, akatoka.

Alikwenda hadi mezani. Akawaamkia watu wote kwa Kisukuma, "Mwadila," kama ilivyo desturi ya mchana, na hakuna aliyeitika. Akatia chumvi katika bakuli la mkwe wake, akaikoroga kwa kijiko cha mkwe wake, akaonja.

"Sasa imekolea," alisema. "Kula, baba."

Mkwe anayejua haya angekwisha kutoka mbio. Wangu alijifunika uso kwa kofia, akabaki pale pale. Na mkono wake wa kushoto ulishika kofia, lakini wa kulia, niliuona mwenyewe kwenye upenyo wa gunia, ulilivuta bakuli karibu na kifua lisije likachukuliwa. Miaka yote baadaye alikana jambo hilo. Niliuona.

Wengine waliruka mabenchi wakitoka nje kana kwamba kaingia nyoka. Fundi cherehani alipiga kelele barabarani, "Mama ameharibu! Mama ameharibu!"

Kesho yake walikaa kikao kwenye mabenchi yale yale. Baba mdogo aliitwa kutoka kijijini. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa; siku ile walikuwa kumi na mmoja. Walizungumza tangu asubuhi hadi jua la utosi kuhusu miguu ya mama: ilipita wapi, ilifika umbali gani kutoka kwa mkwe, kijiko kilishikwa kwa mkono upi. Kuhusu "wewe mwanamke huko nyuma" hakuna aliyezungumza. Mwishowe fundi akasema walichoafikiana. Mama atampa mkwe wake mbuzi wa kuondoa aibu, na hotelini asipike tena. Asipokubali, mchumba atachukua ng'ombe wake na mimi nitabaki nyumbani. Baba mdogo akaanza kutokwa na machozi, si kwa ajili yangu. Ng'ombe wale alikuwa ameshawapeleka kumwolea mwanawe mke.

"Mimi nimetukanwa, nimejibu kwa chumvi," mama alisema. "Mbuzi wa nini?"

Wakaguna. Fundi akasema basi aulizwe binti. Watu wale hawajapata kumwuliza binti kitu chochote katika maisha yao, hata njia. Waliniuliza siku ile kwa sababu jibu walikuwa nalo tayari, walikuwa wamelisoma usoni pangu.

Mama aligeuka akanitazama, macho yake bado mekundu kwa moshi. "Unasemaje, ng'wana wane?" aliuliza. "Ukisema tuondoke, tunaondoka leo. Tutajitwika sufuria, tutakwenda Kahama. Na huko watu wanakula."

Alisema kwa wepesi, na najua angefanya. Angeweka mafiga Nyahanga, huko huko Kahama, au popote na kufika mwezi ujao watu wangekuwa wanamjia kwa harufu. Mimi nilitazama nje. Mchumba wangu alikuwa amesimama barabarani, akingoja, kofia kichwani, na nilimwona mzuri kuliko siku zote.

"Lipa, mayu," nikasema.

Mama aliziuza sufuria zake tatu kwa mwenye hoteli, akanunua mbuzi, akamkabidhi fundi cherehani ampelekee mkwe, akarudi kijijini kwa wale wale waliomwita mwanamke wa hoteli, akawalimia pamba. Hoteli haikumaliza kiangazi kile. Nduguye mwenye hoteli alirudi kwenye mafiga, wateja wakapungua mmoja mmoja, mabenchi yakachomwa kuni, na mtu wa Tabora akarudi Tabora na kanzu yake. Siku hizi wazee husema hoteli ile iliuawa na bei ya nyama. Wengine husema ni malori mapya yaliyokuwa yanapita bila kusimama. Sijasikia hata mmoja akimtaja mbuzi.

Niliolewa. Nilikaa na mume wangu hadi alipofariki, na katika waombolezaji wote wa supu ya Maganzo yeye ndiye aliyekuwa kinara. "Mama yako alijua kupika," alikuwa anasema mezani kwangu, akilisukuma bakuli langu.

Katika ukoo wetu ile aibu ya ukwe ina mwisho. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mume humpelekea mama mkwe zawadi, hata mbuzi mmoja tu, na tangu hapo mama anaweza kuingia kwa binti yake, akakaa, akala chakula cha jiko lile. Zawadi isipofika, haingii na hali. Tulizaa watoto sita. Kila mtoto nilimkumbusha, na kila mara aliniambia mwaka huu ni mbaya, tungoje mavuno. Aliyekuwa amepokea mbuzi kwa mama yangu hakupata mbuzi wa kumpa.

Kwa hiyo mama alikuwa anakuja na kuishia kwenye ua wa minyaa. Alitembea kutoka kijijini na kapu la michembe, viazi alivyovikata na kuvikausha mwenyewe kwa ajili ya wajukuu, akakaa nje upande wa barabara, nami nikatoka na kigoda nikakaa naye. Alipozeeka macho yalikuwa hayaoni vizuri. Aliwapapasa watoto nyuso akiwataja. Nilimletea maji, aliyakubali. Chakula hakukubali, na sikumlazimisha.

Mara ya mwisho alipokuja nilikuwa na maharage jikoni. Tuliongea kuhusu mvua. Kisha akainua pua.

"Kitunguu umekitia mapema," alisema. "Kitaungua. Nenda kakitoe motoni, ng'wana wane, ukaongeze maji ya moto, si ya baridi."

Nikaenda nikafanya alivyosema. Yalikuwa maharage mazuri kuliko yote niliyowahi kupika. Nilichota kidogo kwenye kikombe nimpelekee aonje tu, nikafika hadi mlangoni, nikamwona pale nje ya minyaa ameelekeza uso kwangu akisikiliza hatua zangu. Nyuma yangu mume wangu aliuliza kama chakula kimeiva. Nikarudi ndani na kile kikombe, nikampakulia, akala, akaongeza, akamaliza.